Bafu la Mama Lapata Jua

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba nyumba njema si mlango. Wengi wetu tuishio mijini, tukipata vijisenti vya kuikarabati nyumba ya wazazi, huanzia mbele: rangi mpya ukutani, viti vya sebuleni, geti la kupendeza wapita njia. Bafu, ambalo mgeni haonyeshwi, husubiri zamu ambayo aghalabu haifiki. Hali ni humo, penye giza na sakafu iliyolowa, ambamo mzee huteleza.

Nyumba ya mama yangu iko Matsangoni, si mbali na barabara kuu itokayo Kilifi kwenda Malindi. Marehemu baba aliijenga kwa mawe ya matumbawe, na katika bafu, ambalo ndimo kilimo choo pia, akaacha tundu moja tu la hewa, kubwa kidogo kuliko kitabu. Hakuwa na uchoyo wa mwanga. Alichotaka ni sitara. Nyumba za majirani zilikuwa karibu, na mkewe na mabinti zake walistahili kuoga bila kuonwa.

Kwa macho ya ujana bafu hilo lilitosha. Mama alipotimiza miaka 74, jicho moja likiwa na mtoto wa jicho, giza lile liligeuka hatari. Mwaka 2022 aliteleza akaumia kiwiko, wala hakutuambia. Tulikuja kupashwa na jirani baada ya miezi miwili. Tena tukafahamu kwamba alikuwa akioga saa sita mchana tu, jua likiwa utosini, na kwamba jioni alijizuia kunywa maji ili usiku asilazimike kuingia humo.

Wawili kati yetu walitaka ahamie Mombasa. Mama hakutaka kusikia: kaburi la mumewe na minazi yake viko Matsangoni. Ndipo kaka yetu mkubwa alipoleta picha za bafu la fahari, vigae vinavyometa toka sakafuni hadi darini. Mama alizitazama kwa adabu, kisha akasema, "Wanangu, bafu la hoteli silitaki. Nataka nione miguu yangu inakokanyaga, na nikiinuka nipate pa kushika." Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa ramani yetu.

Tulianza na mwanga. Fundi alitoboa dirisha ukuta wa mashariki, ukingo wake wa chini ukiwa mita 1.8 kutoka sakafuni, na juu yake akamwaga linta ya zege ili mawe yasishuke. Mwanga huingia, jicho la jirani haliingii. Sitara ya baba ikabaki palepale. Bati moja la paa lilitolewa, likawekwa la plastiki lipitishalo mwanga. Kuta zilipigwa plasta na kupakwa chokaa nyeupe, ambayo huurudisha mwanga kila pembe. Mtu mmoja alitushauri tuchote mchanga wa ufuoni kwa kuwa ni bure. Fundi alikataa katakata: chumvi yake huvuta unyevu, plasta ikababuka na vyuma vikashika kutu.

Sakafu iliwekwa saruji iliyokwaruzwa kwa ufagio kabla haijakauka, isiteleze, ikiteremka sentimita 2 kwa kila mita hadi kwenye tundu la maji. Pembeni kilijengwa kibaraza cha kuogea umeketi, kimo cha sentimita 45, na ukutani likakazwa bomba la chuma la kushika. Mlango, uliokuwa ukifunguka kwa ndani, uligeuzwa ufunguke kwa nje. Mtu akianguka nyuma ya mlango wa kusukumwa ndani, mwili wake huuzuia, na wa kumwokoa hana njia.

Kwa kuwa maji ya mfereji hayatoki kila siku, tulijenga birika la saruji lenye kifuniko, kimo cha kiuno, mama asiiname akichota kwa kata. Jambo hilo si geni pwani yetu. Nyumba za kale za Lamu zilikuwa na mabirika bafuni, na ndani wakafugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Na pale Gede, ukishapita Mida, magofu yaliyofukuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948, na ambayo UNESCO iliyaingiza katika urithi wa dunia mwaka 2024, yanaonyesha nyumba za mawe zilizokuwa na vyoo ndani karne nyingi zilizopita. Wazee wetu walijua kwamba usafi wa mtu huanzia nyumbani mwake.

Siku hizi mama huoga magharibi, taa ndogo ya jua ikimwangazia, na maji hunywa apendavyo. Habari za Mombasa hazitajwi tena.

Nawe msomaji, kabla hujaenda dukani kuchagua vigae, ingia bafu la mzazi wako saa moja ya jioni. Fumba jicho moja, beba ndoo ya maji, kisha utafute pa kushika. Ukikosa, umekwisha kujua fedha zako zianzie wapi.