Paredi ya Ijumaa

Katika shule ya msingi niliyosomea, upande wa Chwele kule Bungoma, mwalimu mkuu aliuhesabu mwaka kwa mihula mitatu. Sisi tuliujua kwa magonjwa yake. Januari hadi Machi, vumbi likitawala, ni funza. Mvua ikishika Aprili, ni malaria, pamoja na minyoo inayopenda matope. Julai ni kikohozi na kamasi. Agosti, katika miaka ya shufwa, ni tohara. Kila msimu ulikuwa na tangazo lake, na tangazo lilitolewa kwenye paredi ya Ijumaa asubuhi, na mwalimu wa zamu aliyesimama mbele yetu na rula mkononi.

Rula haikuwa ya kupimia. Tulinyoosha mikono, naye akapita mstari kwa mstari akitazama kucha, huku walio nyuma wakizitafuna zao haraka haraka kabla hajawafikia. Baada ya kucha zilikuja nywele, kola, kisha miguu. Wengi wetu hatukuwa na viatu. Alhamisi jioni tulisugua visigino kwa jiwe, na asubuhi tukavipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe mpaka vikang'aa. Mwenye funza aliitwa mbele wote wamwone. Kulikuwa na msichana wa darasa la nne ambaye, mwalimu alipokaribia, alivifukia vidole vyake vya miguu ndani ya vumbi visionekane. Vumbi lenyewe ndilo makazi ya wadudu waliokuwa wakimla. Jumatatu hakuja, wala wiki iliyofuata.

Paredi ya namna hiyo siitamani irudi, na viboko vilipopigwa marufuku shuleni mwaka 2001 nilikuwa miongoni mwa walimu wachache waliofurahi hadharani. Lakini shule ile ilijua inapambana na nini, hata kama haikutueleza. Funza hustawi kwenye sakafu ya udongo mkavu. Basi Ijumaa hiyo hiyo, baada ya vipindi, kila mtoto alitakiwa kuwa amekuja na kinyesi kibichi cha ng'ombe kwenye kipande cha jani la mgomba. Wavulana walichota maji mtoni, wasichana wakakoroga na kukandika sakafu kwa mikono mitupu, wakianzia ukutani na kurudi nyuma mpaka mlangoni. Jumatatu darasa lilinuka zizi, ila ukipiga mguu chini vumbi halikutimka. Sisi tulidhani ni adhabu tu ya kila wiki.

Maziwa ya Nyayo, yale tuliyopewa shuleni, sitayazungumzia sana, maana kila Mkenya wa rika langu ana hadithi yake. Rais Moi aliyaanzisha mwaka 1979, mililita 200 katika pakiti yenye pembe tatu, na siku ya maziwa hakuna aliyeugua. Mwalimu alituagiza tunywe pale pale. Tulikunywa nusu, tukakunja ncha ya pakiti, tukawapelekea wadogo zetu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 yalikuwa yamekwisha.

Kilichodumu kuliko maziwa ni ule utume wetu, na hapa nasema mtume kwa maana ya anayetumwa. Nyumbani hapakuwa na redio yenye betri za kutegemewa. Neno la afya lililofika kwa kukhu, nyanya yangu, lilifika kupitia mdomo wangu. "Kukhu, mwalimu amesema maji ya kunywa yachemshwe." Naye, bila kuinua macho kutoka kwenye mboga: "Muulize mwalimu wako kama kuni huota juu ya paa lake." Tulibishana. Siku ya tatu kulikuwa na sufuria ya maji pembeni mwa meko, imefunikwa, ikipoa. Hakusema neno, nami nilijua nisiseme.

Nilipohitimu ualimu nilipangiwa kazi viungani mwa Kitale. Si mbali: unapita Webuye, enzi hizo ukiziba pua kwa harufu ya kiwanda cha karatasi, kisha Misikhu, Kamukuywa, Kiminini, na barabara inazidi kupanda. Bungoma iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Kitale karibu 1,900. Nilidhani nimeuacha ugonjwa wa mbu kule chini. Wazee wa shule nao walisema hivyo hivyo, kwamba huku ni nchi ya baridi na mahindi, wala hakuna tangazo la neti.

Kisha ikaja mvua ya El Niño ya mwisho wa 1997, na mwaka uliofuata malaria ikapanda milima ya magharibi kama mgeni asiyebisha hodi. Ndipo nilipoelewa jambo ambalo Bungoma haikunifundisha. Kwetu malaria ipo mwaka mzima, na mtoto anayefika darasa la tatu ameshaugua mara nyingi, mwili wake umejenga kinga kidogo. Wa Kitale hakuwa na kinga hiyo. Aliyekuwa akicheza mpira saa nne, saa nane anatetemeka kwenye dawati hawezi kushika kalamu. Klorokwini, ile iliyotuwasha mwili mzima utotoni, ilikuwa imezoewa na vimelea, na mwaka huo huo wa 1998 serikali ikaiondoa kama dawa ya kwanza ya malaria. Tangu hapo, katika shule yetu, neno la neti hutolewa Aprili, kabla ya Mei hadi Julai, miezi ambayo ugonjwa hulipuka nyanda za juu. Kampeni za kugawa neti bure zilikuja baadaye.

Paredi yenyewe iliuawa na jambo jema. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, na nchini watoto zaidi ya milioni moja wakaingia madarasani kwa mkupuo. Shuleni kwetu Kitale walikuja watoto wa vibarua wa mashamba makubwa, wakubwa kwa wadogo, wengine bila yunifomu. Utakagua kucha za nani? Mwalimu wa zamu alisoma matangazo juu juu na kengele ikalia.

Nafasi ya rula ikachukuliwa na kidonge. Jirani na Bungoma, kule Busia, watafiti Edward Miguel na Michael Kremer walikuwa wameonyesha kwamba mtoto aliyepewa dawa ya minyoo shuleni hakosi masomo sana, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2004. Mwaka 2009 serikali ikaanza kugawa dawa hiyo shuleni, na kuanzia 2012 ikawa desturi ya kila mwaka katika kaunti zenye minyoo mingi, Bungoma ikiwemo. Dada yangu, mwalimu kule, ndiye anayegawa: kidonge kimoja cha kutafuna, jina linatiwa alama, anayefuata. Hakuna anayeitwa mbele. Safura, ambayo huingia kupitia nyayo tupu, inatolewa bila mtu kuziangalia nyayo hizo. Nadhani yule msichana wa vumbini angekuja Jumatatu.

Corona ilifunga shule Machi 2020, na zilipofunguliwa zote Januari 2021 tulikuwa na madumu ya kunawia kila kona. Hilo nalipongeza, kwa sababu kabla yake watoto sitini walinawa kwenye karai moja kabla ya githeri, na wa mwisho walitoa mikono michafu kuliko walivyoitia. Lakini kipindi hicho ndipo tangazo lilipohamia kwenye simu. Sasa kuna kundi la WhatsApp la wazazi, na mtoto anarukwa kabisa. Januari moja mtu alituma humo onyo refu, lenye picha ya theluji, kuhusu mafua ya majira ya baridi. Kitale Januari ni jua kali na vumbi. Kesho yake mvulana wa gredi ya pili alikuja na kofia ya sufu, jasho likimtiririka hadi kidevuni, na kwenye vidole vya miguu ana funza wawili. Mama yake alikuwa ametii ujumbe.

Tena, robo ya darasa langu wanalelewa na nyanya wasio na simu za aina hiyo. Kwa hao nimerudia njia ya zamani, bila rula. Ijumaa tunaandika sentensi mbili nyuma ya daftari, kufuatana na msimu wa hapa hapa, na mtoto anakwenda kuzisoma nyumbani. Aprili tuliandika kuhusu neti. Jumatatu daftari moja lilirudi na swali, limeandikwa na mtoto kwa niaba ya nyanya: "Mwalimu, neti ya mwaka juzi imetoboka mahali panapopita ngumi. Nishone na uzi wa gunia, au utaharibu dawa?" Nikamjibu kwamba uzi wowote unafaa, na asiianike juani akiifua. Siku mbili baadaye akauliza lingine, kuhusu paka.