Hasara ya Wiki

Nilikuwa mtunza stoo katika supamaketi moja hapa Kampala. Jina lake naliacha. Bosi wetu alikuwa mkarimu, Idi na Krismasi hakuna aliyerudi kwake mikono mitupu, ila habari mbaya hakuziweza. Mwenzangu aliyenitangulia alisema mkutanoni kwamba mwenye maziwa anadai ankara za miezi minne. Akahamishiwa getini kuhesabu magari. Somo tukalielewa sote.

Basi kila Jumatatu nikawa naandika "ipo". Mafuta yapo, unga upo. Kwenye rafu palikuwa na safu moja ya chupa mbele, nyuma yake maboksi matupu. Meneja alitia sahihi bila kunitazama usoni.

Oktoba 2015 kampuni ya supamaketi ya Uchumi ilifunga maduka yake Uganda na Tanzania. Bosi akatukusanya: wateja wao sasa ni wetu! Tukapiga makofi, nami nikapiga. Lakini waliowauzia wao ndio waliotuuzia sisi, na walikuwa wameumia. Tangu wiki ile hakuna aliyeshusha katoni bila fedha mkononi. Hilo halikufika ofisini. Mwaka uliofuata tulikuta kufuli mlangoni. Mishahara ya miezi mitatu sijaiona hadi leo.

Nilibeba mizigo soko la Owino. Chumba chetu Bwaise kiliingia maji kila mvua kubwa, watoto wakarudishwa kutoka shule kwa kukosa ada, mke wangu akatulisha kwa sambusa zake. Usiku nilimlaani bosi. Ilinichukua muda mrefu kuzihesabu Jumatatu zangu mwenyewe.

Kisha nikapata kazi Kikuubo, kwa Hajati mmoja auzaye mchele na sabuni kwa jumla. Jumamosi jioni, chai ikishamiminwa, kila mfanyakazi hutaja hasara aliyoiona, naye huiandika kwenye kaunta buku. Zamu yangu ya kwanza nikasema, "Hakuna, Hajati."

"Basi mwanangu, hasara ya wiki hii ni wewe."

Jumamosi ya pili nilitaja magunia saba ya mchele yaliyolowa chini ya bati bovu. Mikono ilinitetemeka hadi chai ikamwagika. Akauliza yamelowa kiasi gani, akaandika, akamwita fundi wa paa. Yakaishia hapo.

Machi 2020 serikali ilisimamisha usafiri wa abiria kwa sababu ya korona, wateja wetu wa mikoani wakakatika. Hajati akafungua buku lile lile, akatusomea fedha iliyobaki. Tukakubaliana nusu mshahara. Hakuna aliyenung'unika kwamba anatuficha, maana nusu ya maandishi yale yalitoka vinywani mwetu. Duka lipo, nami nimo.

Mwaka jana nilikutana na bosi wangu wa zamani karibu na stendi ya taksi, amekonda. Akanishika mkono, akasema hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia.

"Ndiyo, ssebo," nikamjibu.