Kuiuliza Mashine: Kasoro ya Karakana Kama Somo

Katika kufundisha ufundi, mara nyingi huwafunza wanachuo jinsi ya kuiendesha mashine, lakini huwafunza kidogo sana jinsi ya kuiuliza inapokataa kazi. Jambo hili lina hatari yake. Mwalimu atakayepangiwa shule ya mbali huenda asiwe na fundi wa kumwita. Mashine ikigoma ataifunika turubai, na somo lake litakomea hapo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi tulivyoifanya kasoro ya mashine kuwa somo lenyewe, ili walimu wenzetu wazipime hatua tulizozifuata.

Mashine tunayoizungumzia ni ndogo, ya wapenda ufundi, nayo huchonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta. Ina mihimili mitatu: X wa kulia na kushoto, Y wa mbele na nyuma, na Z wa juu na chini. Kila mhimili huendeshwa na mota ya hatua, ambayo hukamilisha mzunguko mmoja kwa hatua 200. Mota huzungusha skrubu ndefu, na kwa kila mzunguko sehemu inayobebwa na skrubu hiyo husogea milimita 8. Wanachuo walikuwa wakichonga herufi za kufundishia darasa la kwanza, na zilibaki siku 5 kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Ndipo mhimili wa X ulipoanza kwenda kwa kushtukashtuka. Herufi O ilitoka na mabonde ubavuni, kama kiazi kilichotafunwa na panya.

Mkufunzi mwenzetu alishauri tuongeze mkondo wa umeme uendao kwenye mota, ili ipate nguvu ya kushinda ukinzani. Baadhi ya wanachuo walikwishashika spana. Shauri hilo halikuwa la kupuuzwa, kwa kuwa muda ulikuwa mfupi. Hata hivyo, kuongeza mkondo kabla ya kukijua chanzo ni kuificha kasoro. Mota huzidi joto, kiendeshi chake huweza kuungua, na kama vyuma vinakwaruzana, huendelea kulika. Tena mashine tuliyo nayo ni hiyo moja tu. Kwa hiyo tuliandika kanuni mbili ubaoni. Kwanza, mtu asiguse kitu kabla ya kueleza anatarajia kuona nini. Pili, visibadilishwe vitu viwili kwa wakati mmoja.

Swali la kwanza lilikuwa: mashine inashtuka wapi, na lini? Tulifunga penseli mahali pa kisu, tukaiamuru mashine ichore mstari wa mshazari polepole, X na Y zikienda pamoja. Kabla ya kuutazama mstari huo, wanachuo waliandika maana ya kila jibu. Mshtuko ukitokea mahali pale pale kila mara, tushuku uchafu au mkwaruzo katika sehemu hiyo ya reli au skrubu. Ukirudi baada ya kila milimita 8, tushuku kitu kinachozunguka pamoja na skrubu. Usipokuwa na mpango, lakini ukazidi kadiri mwendo unavyozidi, tushuku kwamba mwendo au uongezaji wake umepangwa mkubwa mno, kwani nguvu ya mota ya hatua hupungua kadiri inavyokwenda kasi. Na kama mota inanguruma na kutetemeka papo hapo bila kuzunguka, tushuku waya uliokatika katika koili mojawapo.

Mstari ulipotoka ulikuwa na mawimbi. Mwanachuo mmoja, ambaye si msemaji darasani, alichukua rula akayapima mawimbi sita mfululizo. Yalipishana kwa milimita 8. Akasema, "Ni kitu kinachozunguka." Hakuna mkufunzi aliyemwambia.

Swali la pili lilikuwa: kasoro iko kwenye umeme au kwenye vyuma? Tulizima umeme kwanza. Hapa inafaa tusisitize kwamba plagi ya mota isichomolewe kamwe wakati umeme umewashwa, kwa sababu kiendeshi huweza kufa mara moja. Kisha tukakilegeza kiungio kinachoshikanisha mhimili wa mota, wenye kipenyo cha milimita 5, na skrubu yenye kipenyo cha milimita 8. Skrubu ilizungushwa kwa vidole, ikaenda laini kutoka mwanzo hadi mwisho. Mota ikawashwa peke yake, nayo ikazunguka kwa utulivu. Kama tungebaki na shaka, tungezima tena na kubadilishana plagi za X na Y. Kasoro ikihamia Y, mshukiwa ni kiendeshi. Ikibaki X, mshukiwa ni mota, waya zake au vyuma.

Basi kila kimoja kilikuwa kizima kikiwa peke yake, na kasoro ilikuwa katika kuungana kwao. Mota haikukaa katika mstari mmoja na skrubu. Wanachuo walilegeza bolti zake 4, wakaisogeza sehemu inayobeba kisu hadi karibu na mota, wakakaza kiungio, wakaiacha mota ijipatie mahali pake, halafu wakazikaza bolti kidogo kidogo kwa kupishana. Mstari uliofuata haukuwa na mawimbi. Baada ya hapo tu ndipo tulipofuta vumbi la mbao na kutia oili nyepesi.

Kazi hiyo ilichukua vipindi viwili, na kati ya seti 4 za herufi tulizokusudia zilikamilika 3. Gharama hiyo hatuifichi. Lakini wanachuo waliondoka na mpangilio wa maswali unaofaa hata kwa cherehani, pampu au baiskeli. Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea alitaka elimu ijenge akili yenye kudadisi. Akili hiyo haijengwi na mashine ambayo mwanafunzi huikuta nzima kila siku.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wakufunzi wenzetu: mashine inapoharibika jioni, na hakuna hatari kwa mtu, tusiitengeneze usiku wanachuo wamelala. Tuiache hivyo hivyo hadi kipindi cha asubuhi.