Taa Niliyoipuuza
Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi. Seva ndiyo iliyonifundisha maana yake. Ngano nilizorekodi kwa wazee wa kwetu nilizihifadhi katika diski 4 zilizopangwa kwa RAID 5, mpango ulioelezwa na Patterson, Gibson na Katz mwaka wa 1988. Diski moja ikifa, kidhibiti hukokotoa upya data yake kutokana na zilizosalia. Ya kwanza ilipokufa, taa ya onyo iliwaka. Kazi haikukwama, nami sikuibadilisha. Ya pili ilipofuata, sauti zote zilitoweka, na wazee wawili walikuwa wamekwisha kuaga dunia. Wapenzi wa Kiswahili, diski ya ziada si nakala. Wekeni nakala mahali pengine.