Mulatu Alitumwa Kusomea Uhandisi. Mimi Pia.

Wasee, leo sina vichekesho. Nina albamu moja ya jazz, na kesi ya nyumbani.

Albamu inaitwa Afro-Latin Soul. Ilitoka mwaka 1966, ikarekodiwa New York. Mwenyewe ni Mulatu Astatke, Mhabeshi aliyezaliwa Jimma mwaka 1943. Jimma ni nchi ya kahawa, vile huku kwetu ni majani chai tu mpaka macho yachoke. Alitumwa Wales akasomee uhandisi, akaangukia muziki. Akausomea London, halafu akaenda Berklee kule Boston, ambako anatajwa kuwa Mwafrika wa kwanza kusoma.

Mimi nilitumwa Nairobi, uhandisi pia. Mwaka wa pili nikaacha. Karo ilikuwa inatoka kwa bonasi ya chai. Mathee alichuma hayo majani na mgongo wake, baridi ya asubuhi, umande mpaka magotini. Kwa hivyo mkinipigia makofi ati nimefuata ndoto, mimi naona kikapu chake.

Hebu skiza hiyo albamu. Mulatu alichukua mizani ya kwao, ile ya noti tano, akaiweka juu ya midundo ya Kilatini. Wenzake wengi walikuwa watu wa Puerto Rico. Vibrafoni yake inalia kama mtu anayewaza kwa lugha ya mama katikati ya mji wa wageni.

Na si mambo ya mbali. Mwaka 1950, hapa tu Kapkatet, Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, Mmarekani wa kwenye santuri, likatamkwa kwa ulimi wetu. Huyo aliletwa huku akawa wetu. Mulatu alibeba vya kwao akavipeleka huko. Ni barabara moja.

Sasa, mimi nilimfanya Mulatu wakili wangu. Juzi jikoni nikamsimulia mathee hadithi yote, nikijua nimeshinda. Akaendelea kukoroga chai. Halafu akauliza, "Na alipoacha uhandisi, alienda kusoma wapi?"

Nikasema London. Nikasema Boston.

"Na wewe, kijana wangu?"

Kimya. Tangu niache chuo nimesoma simu pekee.

Hapo ndipo nilielewa. Mulatu hakuacha kusoma, alihama darasa. Mimi nilitoka darasani nikasimama mlangoni, nikaita hiyo ndoto.

Siku hizi kila Jumamosi naenda upande wa Bomet kwa mzee mmoja anayejua kupiga chepkong'. Ananifunza kukaza nyuzi, na kila nikikosea anacheka. Sijui kama kuna pesa hapo. Mathee bado hajafurahi, lakini ameanza kuuliza, "Leo umefunzwa nini?"

Na wewe uliyeacha, umehamia darasa gani? Niambie ukweli.