Babu, Umepata Choo?

Ukifika umri wangu wa miaka sabini na kitu, ndugu msomaji, mazungumzo hubadilika. Zamani sisi wazee wa Dodoma tulizungumzia mvua na mtama. Siku hizi tunazungumzia figo. Tangu 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza figo papa hapa mjini, jambo ambalo tulipokuwa chuo cha ualimu lingekuwa hadithi.

Figo zikichoka, madini ya potasiamu hujaa katika damu, na yakizidi huweza kusimamisha moyo. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa apunguze ubuyu na zabibu kavu, neema za nchi yetu. Hilo lisipotosha, iko dawa ya unga, sodiamu polistireni sulfoneti, inayotumika duniani tangu miaka ya 1950. Huikamata potasiamu utumboni, ikatoka na choo. Kwa kuwa dawa hiyo hufunga choo, madaktari walizoea kuichanganya na kilainishi kiitwacho sobitoli. Mwaka 1987 madaktari wa Marekani walieleza habari za wagonjwa watano wa figo ambao utumbo wao mpana uliharibika vibaya baada ya kupewa mchanganyiko huo kwa njia ya haja kubwa. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya huko ilionya viwili hivyo visitumiwe pamoja. Hata bila sobitoli madhara hayo yameonekana, ingawa ni nadra.

Sisemi dawa hiyo itupwe, wapo iliowaokoa. Nasema juu ya dalili zake: choo kufunga, tumbo kuuma na kujaa, damu katika choo. Hayo ndiyo mambo ambayo mzee wa Kigogo huona taabu kumtamkia muuguzi aliye rika la mjukuu wake. Nimemsikia mzee mwenzangu akiulizwa, "Babu, umepata choo?" Akajibu, "Tunamshukuru Mungu." Muuguzi akaandika, akapita. Ilikuwa adabu njema, lakini halikuwa jibu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Daktari hawezi kuona ndani ya tumbo lililonyamaza, na utumbo ukishatoboka, saa chache ni nyingi. Basi tukiulizwa, wazee wenzangu, tujibu kama mwanafunzi mbele ya ubao wa hesabu: siku ngapi, rangi gani, panauma wapi. Heshima yetu haitapungua.