Kutia Kafi Majini si Kuvuta



Wenye kutengeneza gazeti letu waliniomba niandike juu ya mchezo wa mitumbwi, kwa sababu kila asubuhi munatuona tukirudi kutoka ziwani na nguo zenye maji, na wengine wanauliza: « Hawa batu wanatafuta nini kule? » Kwanza nilitaka kuandika maneno mazuri tu. Lakini iko jambo moja linalonisumbua tangu mwezi wa tano, na leo nitalisema.

Munajua kama sisi si watu wa kulipwa. Hakuna mshahara, hata mkate hakuna. Tunaamka saa kumi na moja, mbele ya kengele. Ziwa Kivu liko juu, karibu meta 1460, na baridi ya asubuhi inaingia mpaka katika mifupa. Mtumbwi wetu unabeba watu wanane wa kuvuta, wakiketi kwa mstari mmoja, na wa tisa ni wa kuongoza. Mimi niliingia katika mwaka wa ine kwa sababu moja tu: nilitaka watu wanione. Na kweli waliniona. Kisha nikawekwa kapita wa wanafunzi wote, na watu wakazidi kuniona.

Ile siku ya kushindana na shule ingine, tulipaswa kuzunguka kisiwa kidogo na kurudi. Kwa kwenda tulikuwa mbele. Kwa kurudi mikono yangu ikawa kama moto, pumzi ikakatika. Watu wa ufukoni walikuwa mbali bado, sauti yao haikutufikia. Ndugu zangu, ni pale niliacha kuvuta. Sikusimama, hapana, ningeonekana. Nilitia kafi majini nikalitoa, nikalitia nikalitoa, sawasawa na wenzangu, lakini bila nguvu. Tulipokaribia watu nikaanza kuvuta tena kwa nguvu sana, maji yakaruka, nao wakapiga kelele: « Kapita! Kapita! » Tulishindwa kwa nusu ya mtumbwi.

Jioni, katika chumba cha kulala, wote wakasema kosa ni la yule mdogo wa mwaka wa tatu aliyeketi nyuma yangu, kwa kuwa mikono yake ni myembamba. Mimi nikanyamaza. Yeye pia akanyamaza. Lakini mtu anayeketi nyuma yako anaona mgongo wako, na mgongo haujui kudanganya.

Tangu siku ile moyo wa kuvuta ukaniacha. Kila asubuhi nilipata sababu: mara kichwa kinauma, mara matematika, mara Eksameni ya Serikali inakaribia. Asubuhi moja nikaenda kuketi ufukoni peke yangu. Wavuvi wa sambaza walikuwa wakirudi na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Mzee mmoja akaniuliza:

— Mutoto, leo hauko na benzako?

— Hapana, Mzee. Niko nakosa moyo.

Akacheka.

— Moyo? Sisi tunaenda usiku, hakuna mutu wa kutupigia mikono. Unafikiri tunakuwa na moyo kila siku? Moyo unakuja nyuma, kisha makafi kumi ya kwanza. Tena tunaimba. Na mwenye kuimba muzuri kupita bote, tunajua ule hapana vuta!

Nilicheka pia, lakini neno lile lilinichoma.

Mwalimu wetu wa mazoezi ya mwili alitueleza mara moja kama, katika mashindano ya Olimpiki ya meta 2000, wenye kuvuta makasia wanapa mgongo kule wanakoenda. Hawaoni mwisho. Alitusimulia habari ya Mwingereza Steve Redgrave, aliyepata medali ya dhahabu katika Olimpiki tano zenye kufuatana, tangu 1984 mpaka 2000. Katika 1997 waganga walimwambia ana ugonjwa wa sukari. Alivuta miaka mitatu tena mbele ya ile medali ya tano. Nikawaza: asubuhi zote zile, nani alikuwa akimpigia kelele?

Basi nikamwita yule mdogo, nikamwomba samahani. Akasema tu: « Nilijua, kapita. » Siku ileile nikawaambia wote wa mtumbwi. Walinyamaza muda mrefu. Kisha mwenye kuongoza akasema: « Kesho saa kumi na moja. Na wewe utaketi nyuma yake. »

Sasa ninaketi nyuma yake. Mikono inapowaka, ninatazama ule mgongo mdogo, ambao haupumziki, na ninahesabu makafi kumi. Nikiisha, ninahesabu kumi ingine. Sina dawa ingine ya moyo kuliko hii. Siku zingine moyo unakuja, siku zingine hauji, lakini kafi linavuta.

Sijui kama tutashinda mara ingine. Lakini ninyi munaopita karibu na ziwa asubuhi, mukisikia kapita wenu anaimba vizuri kupita wote, tafazali, mupige kelele: « Vuta! »